Tundu la Skrubu Likishakufa: Mvutano wa Kutengeneza Kava za Pikipiki

Swali lenyewe ni dogo kwa sura. Skrubu ya kava ya pikipiki inazunguka bure, haikazi wala haitoki, na kava imeanza kugonga-gonga kila chombo kinapopanda tuta. Majibu ndiyo yanayochanganya watu. Fundi wa kwanza atasema tafuta skrubu nene kidogo. Wa pili atajaza tundu kwa supagluu na unga. Wa tatu ataapa kwamba gundi ni ya viatu, kava hutengenezwa kwa moto. Wa nne, ambaye aghalabu ndiye mwenye duka la spea, atakwambia ununue mpya. Kwenye simu nako kuna video tele, na kila moja inaonyesha njia yake ikifanya kazi bila kasoro. Haishangazi: video huisha pale skrubu inapokaza, si baada ya miezi sita ya barabara ya changarawe.

Wote hao wana ushahidi, maana kila njia kati ya hizo imewahi kufaulu mahali fulani. Tatizo ni kwamba hawazungumzii tundu lilelile. Wanazungumzia plastiki tofauti, mizigo tofauti na wenye pikipiki wenye mahitaji tofauti, kisha kila mmoja anatoa kanuni ya jumla. Ndiyo maana mjadala wa gundi ipi ni bora haujawahi kufika mwisho, na hautafika kama maswali mawili hayajajibiwa kwanza: kava ni ya plastiki gani, na tundu liliuawa na nini.

Matundu si ya aina moja

Plastiki iliingia kwa nguvu kwenye pikipiki za watu wa kawaida mwaka 1958, Honda ilipotoa Super Cub yenye ngao za miguu na madigadi ya mbele ya polithini badala ya bati. Sababu zilikuwa wepesi na gharama, na zimebaki hizohizo. Leo hata pikipiki ya kazi, Boxer au TVS inayobeba abiria asubuhi na magunia jioni, ina kava za pembeni, kava ya taa ya mbele na mkia wa plastiki. Skuta na pikipiki za mbio zimevikwa plastiki karibu mwili mzima.

Kava hizo hufungwa kwa namna nne hivi. Inayosumbua zaidi ni ile yenye kinguzo cha plastiki nyuma ya kava, tundu likiwa katikati yake, na skrubu yenye meno mapana hujichongea njia ndani ya plastiki yenyewe. Nyingine ni klipu ya chuma iliyochomekwa kwenye ukingo wa kava; meno yako kwenye klipu, plastiki inashikilia tu. Kuna bolti inayopita katika kava, ndani ya mpira na bushi ndogo ya chuma, hadi kwenye nati iliyochomelewa kwenye fremu. Na kuna vijiti vya plastiki vinavyosukumwa ndani ya raba, visivyo na skrubu kabisa.

Tofauti hii peke yake inamaliza nusu ya ubishi. Klipu ikifa hakuna haja ya gundi wala moto: unaichomoa, unaitupa, unachomeka nyingine. Ndivyo ilivyokusudiwa. Nati ya fremu ikifa, hiyo ni kazi ya chuma, ichongwe meno upya. Kinachohitaji uchambuzi ni kinguzo, kwa sababu pale plastiki ndiyo nati, na ikiisha huwezi kuichomoa.

Kinachoua kinguzo

Mtu wa kwanza kulaumiwa ni fundi aliyekaza kupita kiasi, na lawama hiyo kwa kawaida ni ya haki. Skrubu ndogo ya plastiki huhitaji nguvu ya kiganja tu: ikigusa, robo ya mzunguko, basi. Drili ya betri haijui kugusa. Inaendelea kuzungusha mpaka meno ya plastiki yanyofoke, na mlio wa injini jirani unafunika ule mlio mdogo wa kunyofoka.

Lakini kukaza si chanzo pekee, na anayetibu hilo tu atarudi kwenye tundu lilelile. Kuna jinsi skrubu inavyorudishwa. Kila inapoingizwa kwa kusukumwa moja kwa moja, inaweza kuchonga njia mpya inayokatiza ile ya zamani, na baada ya kufunguliwa mara kadhaa hakuna meno tena, kuna unga. Fundi makini huizungusha kwanza kinyumenyume, taratibu, mpaka aisikie ikidondoka kwenye njia yake ya awali, ndipo anaizungusha mbele. Ni kitendo cha sekunde mbili ambacho hakifundishwi kwenye video nyingi.

Kuna pia skrubu isiyo yake. Kava hufunguliwa ili kufika kwenye betri au kichujio cha hewa, skrubu moja inaangukia mchangani, na pengo linazibwa kwa skrubu ya mbao, au kwa bolti ya M6, ile ya spana namba 10, iliyolazimishwa kuingia mahali pa milimita 5. Bisibisi nayo ina sehemu yake. Pikipiki za Kijapani, na nyingi zilizofuata michoro yao, hutumia vichwa vya nyota vya kiwango cha Kijapani, ambavyo mara nyingi huwekwa kidoa kidogo kichwani. Vinafanana na nyota ya Phillips, iliyopewa hataza Marekani miaka ya 1930, lakini pembe zake si zilezile. Bisibisi isiyokaa sawa huruka, fundi anaegemea kwa uzito wake wote ili isiruke, na uzito huo unaishia kwenye kinguzo.

Halafu kuna joto, ambalo watu hulisahau. Plastiki hutanuka kuliko chuma mara sita au saba hivi. Chukua kava ya ABS yenye urefu wa sentimita 50 iliyopoa asubuhi kwenye nyuzi 25, kisha ikaachwa kijiweni juani mpaka ikafika nyuzi 60. Itarefuka kwa karibu milimita 1.4, huku fremu ya chuma iliyo nyuma yake ikirefuka kwa milimita 0.2 tu. Tofauti hiyo lazima iende mahali fulani. Kiwandani huachiwa nafasi: matundu mapana kidogo au marefu kama yai, raba, bushi. Raba zikipotea na kila kitu kikakazwa kiwe imara, kava haina pa kutanukia ila kwenye vinguzo vyake. Jioni inanywea, kesho inatanuka tena. Kava iliyokazwa mno inajichosha yenyewe hata ikiwa imeegeshwa.

La mwisho ni kemikali, na hapa mafundi wengi huumiza bila kujua. Petroli inayotumika kuoshea vumbi na grisi, ikikutana na ABS iliyo chini ya mkazo, huanzisha nyufa ndogo kuzunguka skrubu. Mafuta ya breki hufanya hivyo hivyo. Na ile gundi ya nati, inayopakwa kwenye bolti za injini zisilegee, ni sumu kwa ABS. Mtu anaona skrubu inalegea kwa mtetemo, anapaka tone moja kwa nia njema, na baada ya muda kinguzo kinapasuka chenyewe.

Kujua plastiki kabla ya kugusa gundi

Kava nyingi za pikipiki ni za ABS au polipropileni, yaani PP. Kwa macho zinafanana. Kwa gundi ni kama mbingu na ardhi, maana ABS hushikana na karibu gundi zote kali, ilhali PP inazikataa karibu zote.

Njia ya uhakika zaidi ni kugeuza kava na kusoma mgongoni. Viwanda vingi huandika aina ya plastiki kati ya mishale miwili midogo: >ABS< au >PP<. Pasipo maandishi, kata unyuzi mdogo sehemu isiyoonekana na uutose kwenye maji. PP ni nyepesi kuliko maji, huelea, ABS huzama. Tahadhari ni moja: PP iliyochanganywa na unga wa madini ili iwe ngumu inaweza kuzama pia, na hiyo huandikwa PP ikifuatwa na herufi na namba nyingine. Jaribio la pili ni tone la asetoni kwa ndani. ABS huwa laini na kunata baada ya muda mfupi, PP haishtuki. Asetoni hupatikana kwenye baadhi ya dawa za kuondolea rangi ya kucha, ingawa nyingi siku hizi hazina, kwa hiyo soma chupa kabla ya kuhukumu kava. Wengine huchoma kipande na kunusa moshi. Jibu utalipata, ila na moshi utauvuta, na hakuna sababu ya kufanya hivyo wakati kikombe cha maji kipo.

Fundi anayeruka hatua hii anacheza bahati nasibu. Ndivyo njia moja inavyosifiwa na mteja huyu na kulaaniwa na yule.

Hoja ya skrubu nene

Wanaoitetea wana nguvu ya hoja moja isiyopingika: dakika mbili, karibu bure, na pikipiki inaondoka. Kwa dereva anayeendesha kwa hesabu, anayedaiwa na bosi jioni hata kama siku ilikuwa ya mvua, dakika hizo ni pesa.

Udhaifu uko kwenye vipimo. Kanuni ya wachoraji wa vitu vya plastiki ni kwamba kinguzo kiwe na kipenyo cha nje cha angalau mara mbili ya skrubu. Skrubu ya milimita 5, kinguzo cha milimita 10. Weka ya milimita 6 na ukuta unabaki mwembamba, huku skrubu nene ikiusukuma nje kwa nguvu zaidi kuliko ya mwanzo. Inakaza vizuri sana siku hiyo. Kisha ukuta unapasuka kwa urefu, na tundu lililokuwa limechakaa sasa ni kinguzo kilichovunjika. Tena njia hii hutumika mara moja tu. Baada ya hapo hakuna pa kwenda.

Kuna ndugu yake ambaye hatajwi sana na ambaye ni bora: skrubu ndefu badala ya nene. Meno yaliyokufa mara nyingi ni ya juu, na chini kabisa ya tundu kuna plastiki ambayo haijaguswa. Milimita nne au tano za ziada zinaweza kuipata. Pima kina kwa njiti kwanza, kwa sababu skrubu ikigonga mwisho itatokea upande wenye rangi, na hapo utakuwa umetengeneza tundu la pili.

Njiti ya kiberiti, kipande cha kamba ya plastiki au unyuzi wa waya wa shaba uliochomekwa tunduni ni wa ukoo huohuo. Unakufikisha nyumbani. Njiti hunyonya maji ya mvua, huvimba, kisha huoza.

Hoja ya gundi

Supagluu na unga ndiyo njia iliyosambaa kuliko zote, na inastahili kuchambuliwa kwa haki. Gundi yenyewe iligunduliwa mwaka 1942 katika kampuni ya Eastman Kodak, na timu ya Harry Coover, waliokuwa wakitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki. Waliitupa kwa kuwa ilinata kila kitu. Ilikuja kuuzwa mwaka 1958, mwaka uleule wa Super Cub. Hugandishwa na unyevu kidogo tu wa hewani, na hugandishwa kwa haraka zaidi na kitu chenye asili ya magadi. Ndiyo maana soda ya kuokea huifanya iwe ngumu papo hapo, kwa joto na moshi unaowasha macho. Mafundi wengine hutumia majivu ya sigara kwa lengo hilohilo. Kinachobaki ni bonge gumu linaloweza kutobolewa upya kwa drili.

Ugumu huo ndio sifa yake na ndio kasoro yake. Bonge hilo halipindi. Pikipiki hutetemeka saa zote injini ikiwaka, na kitu kigumu kilichobanwa ndani ya kitu kinachonyumbuka huachana nacho ukingoni. Joto nalo halilipendi: supagluu ya kawaida huanza kupoteza nguvu joto likikaribia nyuzi 80, na kava iliyo karibu na ekzosi huweza kufika huko. Juu ya PP haishiki kabisa bila dawa maalumu ya kuandaa uso. Kwa hiyo ni njia nzuri ya kinguzo cha ABS, kisicho na ufa, kisichobeba uzito, kisichofunguliwa mara kwa mara. Ukiondoa sharti moja kati ya hayo manne, mashaka yanaanza. Kosa la kawaida, hata pale inapofaa, ni kurudisha skrubu kabla gundi haijakauka kikamilifu. Kava inashika milele, pamoja na skrubu yake.

Gundi ya mirija miwili, epoksi, ni ya polepole na ni ya maana zaidi. Ina ustahimilivu mkubwa wa mtetemo kuliko supagluu na hujaza pengo bila kunywea. Tundu hukwanguliwa ndani, hujazwa, kisha hutobolewa upya; au skrubu hupakwa grisi kidogo, huzamishwa kwenye gundi mbichi na kuzungushwa nje gundi ikiwa imeshika nusu, ili iache meno yake pale. Aina ya dakika tano ni dhaifu kuliko ile ya kulala usiku kucha. Kwenye PP epoksi nayo haishiki kwa kunata, lakini ina ujanja mmoja: ukitoboa vitundu vidogo viwili vitatu ubavuni mwa kinguzo, gundi hupenya humo na kujifunga yenyewe hata kama haijanata. Si dawa kamili, ila ni mbali sana na kumwaga gundi kwenye ukuta laini na kuomba.

Njia ya tatu katika kambi hii ndiyo ninayoona inadharauliwa bila sababu: kurudisha ABS kwa ABS. Vipande vya kava iliyokufa, au vya kibodi mbovu ya kompyuta iliyoandikwa ABS, hukatwakatwa ndani ya chupa ya kioo na kuongezwa asetoni mpaka viwe kama uji mzito. Uji huo hauji kama mgeni. Asetoni iliyomo hulainisha ukuta wa kinguzo, plastiki mbili zinachanganyika, na asetoni ikishapaa kinabaki kitu kimoja. Hakuna mpaka wa kuachania. Hata ufa wa kinguzo huzibwa kwa namna hiyohiyo, kwa kupakwa nje safu juu ya safu.

Bei yake ni muda. Rojo hilo hunywea linapokauka, kwa hiyo hujazwa kwa awamu, na ndani ya tundu nene asetoni hutoka polepole: siku mbili ni za chini kabisa kabla ya kutoboa. Asetoni hushika moto haraka, na tone likidondoka upande wa rangi, rangi imekwisha. Na kwa PP ni kazi bure.

Hoja ya moto na chuma

Wanaotumia moto wamegawanyika. Wapo wanaoyeyusha plastiki kwa pasi ya kulehemu ili kuziba tundu, na wapo wanaotumia joto kuzamisha chuma ndani yake. Hao wa pili wana hoja nzito kuliko wote katika mjadala huu, kwa sababu wanaondoa chanzo cha tatizo: meno hayawi tena ya plastiki.

Kwa PP, kuyeyusha ndiyo njia karibu pekee ya kuunganisha kweli, lakini lazima kijiti cha kujazia kiwe PP pia. Hapa kazi nyingi huharibika, kwa sababu kipande kilicho karibu zaidi na mkono wa fundi ni cha dumu la mafuta. Madumu kwa kawaida ni polithini nzito, yenye namba 2 chini yake. Inayeyuka, inatandaa, inapendeza, kisha inabanduka nzima-nzima kwa kuwa haijawahi kushikana na PP. Tafuta ndoo au chombo chenye namba 5 ndani ya pembetatu, au kata ukanda kwenye kava yenyewe mahali pasipoonekana.

Kuzamisha chuma kuna daraja mbili. Ya kiwandani ni kibomba kidogo cha shaba nyeupe chenye meno ya M4 au M5 ndani na mikwaruzo nje, kinachosukumwa taratibu kwa ncha ya pasi mpaka plastiki iiyeyukie mikwaruzo na kugandia humo. Baada ya hapo unatumia bolti ya kawaida, na unaweza kuifungua na kuifunga kwa miaka. Vibomba hivi haviko kwenye kila duka la spea. Wanaovijua zaidi mijini ni watu wa mashine za kuchapisha vitu vya plastiki. Tena vinadai nafasi, maana cha M5 kina unene wa nje wa karibu milimita 7, na kinguzo chembamba hakitakibeba.

Daraja ya pili ni ya mtaani na haina aibu yoyote: nati ya kawaida ya M5, spana namba 8, inapashwa moto ikiwa imeshikwa na bolti yake na kuzamishwa kwenye plastiki nyuma ya kava, au inabanwa hapo kwa epoksi. Pembe zake sita huizuia isizunguke. Ikifanywa kwa subira ni imara. Ikifanywa kwa pupa, nati nyekundu kwa moto, plastiki inaungua na kuwa vumbi jeusi linaloshikilia nati kwa wiki moja.

Pale palipo na nafasi ya kupitisha mkono nyuma, bolti inayotokea upande wa pili, washa pana na nati yenye nailoni ndani hushinda ubunifu wote huu. Sura yake si nzuri. Lakini mzigo umetawanywa kwenye eneo pana, na plastiki haifanyi tena kazi ya nati. Nati ya mpira yenye shaba ndani, ambayo huvimba inapokazwa, ni ya kiungwana zaidi, na inapokea mtetemo badala ya kuupeleka kwenye kava. Inahitaji tundu la karibu milimita 10 na hufaa sana kwa kioo cha upepo na kava ya taa. Nati za kubana kwa koleo kama riveti, kinyume chake, hazifai hapa. Zimetengenezwa kuminya bati, na zikiminya plastiki zinaipasua.

Chuma kina hoja moja dhidi yake ambayo watetezi wake hawapendi kuisikia. Kinguzo dhaifu kina faida pikipiki inapoanguka: kinavunjika chenyewe na kava inabanduka ikiwa nzima. Kikifanywa imara kuliko kava, mpasuko unahamia kwenye kava, upande wenye rangi na nembo. Kwa pikipiki inayoanguka mara kwa mara, kama ya mwanafunzi wa udereva au ya barabara za matope ya mlimani, uimara wa kupita kiasi unaweza kuwa ghali.

Hoja ya kununua mpya

Wauza spea hawakosei kila wakati. Kava ya pembeni ya pikipiki iliyojaa mjini ni kitu cha kawaida Kariakoo, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au soko la Kisekka Kampala, na pengine bei yake haizidi sana epoksi pamoja na siku iliyopotea. Vinguzo viwili vikishavunjika na ufa ukaingia kwenye ukingo, ukarabati unakuwa ubishi tu.

Mambo yanabadilika kwa pikipiki kubwa ya kuagizwa nje, ambayo kava yake moja inaweza kusubiriwa kwa wiki na kulipiwa usafiri. Na kuna mtego wa kopi. Kava isiyo ya kiwanda mara nyingi huja na matundu yaliyopishana na fremu kwa milimita mbili au tatu. Fundi anaivuta mpaka ikae, skrubu inaingia imeinama, na kinguzo kipya kinaanza maisha yake kikiwa na mkazo uleule uliomuua mwenzake. Anayenunua kopi ajiandae kupanua matundu ya kava kwa tupa kabla ya kufunga, si kuilazimisha.

Mizani

Ukiweka pembeni mapenzi ya kila fundi kwa njia yake, kinachoamua ni mara ngapi kava hiyo itafunguliwa. Kava inayoficha betri au kichujio cha hewa itafunguliwa tena na tena, na hapo meno ya plastiki, yawe ya kiwandani au ya gundi, ni suala la muda tu. Weka chuma: klipu, nati iliyozamishwa, au bolti ya kupitiliza. Kava ambayo itafunguliwa mara moja kwa miaka miwili haihitaji hayo yote. Rojo la ABS au epoksi inatosha, na supagluu na unga unaweza kusamehewa.

Kinachofuata ni nani analipa. Dereva wa hesabu atachagua skrubu nene leo, kwa sababu hasara ya kinguzo kupasuka ni ya bosi na hasara ya siku moja kijiweni ni yake. Dereva wa mkataba, ambaye pikipiki itakuwa yake akimaliza malipo, ana sababu ya kuiacha ilale kwa fundi Jumapili. Mafundi huwalaumu madereva kwa kupenda mkato, lakini mkato huo una hesabu yake, na bosi anayetaka kava zidumu ingefaa agharamie siku ya gundi kukauka.

Tofauti ya mahali nayo ina uzito. Kava ya pembeni ikilegea ni kelele na aibu. Kava ya taa ya mbele ikilegea taa inaangalia mitini usiku, na madigadi ikilegea inaweza kuingia kwenye gurudumu. Kwa hizo mbili za mwisho gundi ya haraka si ya kujaribia: bolti ya kupitiliza yenye washa na nati ya nailoni, hata kama inaharibu sura, au sehemu mpya.

Na njia yoyote itakayochaguliwa, raba na bushi zilizopotea zirudishwe kwanza. Zinauzwa kwa bei ya chini kuliko gundi yoyote iliyotajwa hapa, na bila hizo hata kibomba cha shaba kitang'olewa na jua la mchana.